Binti wa miaka 13, meno yaliyobanana: alaina au waya?

Mzazi mmoja wa Arusha ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 13 anayejiandaa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Meno manne ya mbele ya chini yamepandana, chonge ya juu upande wa kulia imetokea juu kabisa kwenye ufizi, na meno karibu yote yana madoa ya kahawia. Alipokuwa na miaka saba aling'olewa magego mawili ya utoto ya chini, moja kila upande, kwa sababu yalikuwa yameoza. Daktari mmoja ameshauri ang'olewe meno manne ya kudumu kisha afungwe waya kwa muda wa miaka miwili. Kliniki nyingine imemwonyesha kwenye kompyuta meno yake yakijipanga hatua kwa hatua kwa alaina, yaani vile vifuniko vya plastiki angavu vinavyovaliwa juu ya meno, bila kung'oa jino hata moja. Mtoto anataka alaina kwa kuwa hazionekani. Mama anauliza amsikilize nani, na kama alaina zinafaa kwa umri huo na kwa mtoto anayefunga Ramadhani.

Mama, madaktari hao wawili wanaweza wote kuwa wamesema kweli kwa kadiri ya walichokipima, lakini wamekupa majibu kabla hujapewa hesabu. Swali la plastiki au waya ni la pili. La kwanza ni nafasi: taya la juu limepungukiwa milimita ngapi, la chini milimita ngapi, na milimita hizo zitatoka wapi. Daktari anayekuuzia alaina na daktari anayetaka kung'oa wote wana wajibu wa kukujibu hilo kwa tarakimu, na asiyeweza kukutajia tarakimu hajafika mahali pa kupendekeza kifaa.

Hesabu yenyewe si siri. Hupimwa upana wa kila jino lililo kati ya gego la kwanza la kudumu la upande mmoja na la upande wa pili, ama juu ya mfano wa plasta ama juu ya picha ya skana, kisha jumla hiyo hulinganishwa na urefu wa upinde wa taya unaoyabeba meno hayo. Upungufu usiozidi milimita 4 tunauita mdogo, kati ya 4 na 8 wa wastani, na unaozidi 8 mkubwa. Mipaka hii hutofautiana kidogo baina ya vitabu, na uso wa mtoto nao una kauli yake, lakini kama mwongozo inatosha.

Historia uliyonieleza inanifanya nitarajie upungufu usio mdogo. Chonge na magego mawili ya utoto, yakihesabiwa pamoja, ni mapana kuliko meno matatu ya kudumu yanayoyarithi, na katika taya la chini ziada hiyo ni wastani wa milimita 1.7 kila upande. Ni akiba ambayo mwili huiweka kwa ajili ya meno ya mbele. Gego la utoto likitolewa mapema, gego la kudumu lililoota nyuma yake katika umri wa miaka sita husogea mbele na kuila akiba hiyo, na wakati mwingine hula zaidi ya akiba. Wazazi wengi huambiwa kwamba meno ya utoto yataanguka tu, kwa hiyo hakuna hasara kuyang'oa, na kwa maoni yangu kauli hiyo imebananisha meno ya watoto wetu wengi. Kama una mtoto mwingine mdogo anayelazimika kung'olewa gego la utoto, uliza siku hiyohiyo kuhusu kizuizi cha kulinda nafasi, ambacho ni pete na kipande cha waya tu, na gharama yake haifanani kabisa na ya matibabu unayoyafikiria sasa.

Nafasi ikikosekana hupatikana kwa njia chache, na kila moja ina kikomo chake. Kupanua upinde wa meno kwa pembeni huongeza milimita chache, lakini upana kati ya chonge mbili za chini ukilazimishwa kuongezeka huwa na tabia ya kurudi ulikotoka baada ya matibabu. Kuyainamisha meno ya mbele kwenda nje kunavutia kwa sababu kila milimita moja ya kwenda mbele hutoa takriban milimita mbili za nafasi, ila kwa watu wetu wengi meno ya mbele tayari yameinama mbele kwa asili na midomo imejaa vya kutosha. Ukiyasukuma zaidi, mtoto hufunga midomo kwa shida na ufizi wa mbele wa chini unaweza kushuka na kuacha mzizi wazi. Kusugua pembeni mwa meno kwa ukanda mwembamba, ambapo huondolewa kama robo milimita ya enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, kila upande wa jino, hutoa jumla ya milimita mbili hivi kwa meno ya mbele ya chini, na kwa mtoto wa miaka 13 hufanywa kwa kiasi sana. Magego ya juu yanaweza kurudishwa nyuma milimita moja au mbili. Mwisho ni kung'oa magego madogo manne, yale yaliyo nyuma tu ya chonge, moja kila pembe, ambako hutoa takriban milimita 7 kila upande. Anayekuambia hatang'oa jino amechagua mojawapo ya njia hizo za mwanzo, au amezichanganya. Mwombe akuonyeshe amechagua ipi na kwa kiasi gani, kwa sababu video ya kompyuta inaweza kuyainamisha meno mbele milimita nne na yakaonekana mazuri sana kwenye kioo, huku mdomo na ufizi wa mtoto havimo kwenye video hiyo.

Hiyo video niiseme kidogo zaidi, maana ndiyo huwateka wazazi. Inaonyesha maagizo aliyopewa mtengenezaji wa alaina, nayo si ahadi ya jinsi meno yatakavyotii. Alaina za Invisalign, zilizoruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1998, ndizo zilizochunguzwa zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu meno ya mbele ulikuta kwamba kwa wastani meno yalitekeleza asilimia 41 ya mwendo uliopangwa kwenye kompyuta, na uchunguzi wa baadaye wa mwaka 2020, baada ya plastiki na mbinu kuboreshwa, ulikuta asilimia 50. Tarakimu hizo hazimaanishi kwamba alaina zimeshindwa. Zina maana kwamba karibu kila mgonjwa atahitaji kupimwa upya katikati ya safari na kutengenezewa alaina za nyongeza, na gharama ya nyongeza hizo inapaswa kuwa ndani ya bei unayotajiwa leo.

Alaina moja hulisogeza jino kwa takriban robo milimita, kisha huwekwa kando na kuvaliwa inayofuata baada ya wiki moja au mbili. Ili plastiki ipate mahali pa kushika, daktari hubandika kwenye baadhi ya meno vitufe vidogo vya resini vyenye rangi ya jino. Kwa mpangilio huo, alaina huyainamisha meno vizuri, hufunga mianya midogo vizuri, na huyanyoosha meno ya mbele yaliyopandana kwa upole. Hulegalega zaidi pale zinapotakiwa kuzungusha jino la mviringo kama chonge au gego dogo, kuvuta jino kulishusha kutoka kwenye ufizi, na kusimamisha mizizi wima wakati wa kufunga pengo la jino lililong'olewa. Ukiyatazama mambo hayo matatu utaona kwamba mawili kati yake yanamhusu binti yako moja kwa moja endapo atang'olewa meno: chonge iliyokaa juu, na pengo la kufungwa.

Chonge ya juu kwa kawaida huota kati ya miaka 11 na 12, baada ya majirani zake, na ndiyo sababu hukuta kiti kimekwisha kukaliwa. Mara nyingi haina ugonjwa wowote. Ikifunguliwa nafasi iliyo kamili, huanza kushuka yenyewe na kifaa humalizia tu. Alaina zinaweza kuifungulia nafasi hiyo, na kuishusha kunawezekana kwa kubandika kitufe kwenye chonge na kukivuta kwa mpira mdogo wa kila siku, lakini hapo mafanikio yote yamo mikononi mwa mtoto, na ninaona waya huifanya kazi hii kwa uhakika zaidi. Wapo madaktari, nami ni mmoja wao, wanaoanza na waya kwa miezi kadhaa hadi chonge ishuke na mizizi isimame, kisha wakamaliza kwa alaina. Uliza kama mpango wa namna hiyo unawezekana kwenu. Daktari wa kwanza huenda hakuutaja kwa sababu hakuulizwa.

Kabla ya lolote, ipigwe eksirei ya taya zima. Kwa umri wake magego ya pili ya kudumu yanaota sasa hivi au bado yamo njiani, na alaina zinapaswa kutengenezewa nafasi ya kuyapokea. Eksirei itaonyesha pia kama jino lolote la kudumu halikuumbwa na kama chonge ya kushoto imelala vibaya ndani ya mfupa. Kama taya la juu ni jembamba kiasi kwamba meno yake ya pembeni yanaangukia ndani ya yale ya chini anapouma, lisemwe mapema. Mshono wa katikati ya kaakaa bado unaweza kupanuliwa katika miaka 13 lakini muda hauko upande wetu, na alaina za kawaida haziupanui, huyainamisha meno ya pembeni tu.

Sasa madoa ya kahawia. Kwa mtoto aliyekulia Arusha, dhana ya kwanza ni fluoridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo kadhaa vya maji kuzunguka Mlima Meru hukivuka kwa mbali. Magadi yanayotumika kuivisha makande na maharage nayo huongeza yake. Madoa hayo yalitengenezwa wakati enameli inaumbwa, utotoni, kwa hiyo kubadilisha maji leo hakutayaondoa kwa binti huyu, ingawa kutawasaidia wadogo zake. Yana uhusiano gani na alaina? Ili resini ishike, enameli hupakwa tindikali ya kuikwaruza, na enameli iliyoathiriwa na fluoridi kwa kiasi kikubwa huikataa tindikali hiyo. Matokeo yake, vitufe vya alaina, na hata vibanio vya waya, yaani vile vipande vinavyogandishwa kwenye meno ili kuishika waya, hubanduka mara kwa mara. Daktari anayejua anafanya kazi Arusha au Moshi atausugua uso wa jino kwanza au kuongeza muda wa tindikali. Vitufe vikibanduka mtoto akiwa bweni, alaina inaendelea kuvaliwa ikiwa haina cha kushika, na wiki hizo zimepotea. Rangi yenyewe isishughulikiwe sasa. Ingoje meno yakae sawa, ndipo kuwe na mazungumzo ya kuisafisha. Mwambie binti mapema kwamba kunyoosha meno hakutayafanya kuwa meupe, ili asije akavunjika moyo siku ya mwisho.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwa uzoefu wangu huamua zaidi kuliko plastiki, nalo ni saa 22. Alaina zinatakiwa kuwa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, na tunawaambia vijana 22 ili tupate 20. Piga hesabu ya siku ya bweni: uji wa asubuhi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, chakula cha jioni. Kila mlo ukichukua nusu saa pamoja na kupiga mswaki, saa mbili zimekwisha na hakuna iliyobaki ya ubuyu, karanga, mahindi ya kuchoma wala embe bichi la chumvi na pilipili. Chai haitakiwi kunywewa alaina zikiwa mdomoni, kwa kuwa joto huipinda plastiki, rangi huitia njano, na sukari hujifungia kati ya plastiki na jino mahali ambapo mate hayafiki kuiosha. Soda ni mbaya zaidi. Maji tu, tena yasiyo ya moto, ndiyo yanayoruhusiwa. Kijana anayedonoadonoa vitafunwa mchana kutwa atavaa alaina saa 14 bila kujua, na jino linalosukumwa saa 14 na kuachwa saa 10 halifiki linakokwenda. Alaina inayofuata inakuwa haikai, inaning'inia juu ya ncha za meno kama kofia isiyo yake.

Kuna pia suala la bwalo. Alaina hupotea kwa namna ileile kila mahali: mtoto anaivua, anaifunga kwenye karatasi au kuiweka pembeni mwa sahani, mazungumzo yananoga, sahani inapelekwa kuoshwa. Anatakiwa awe na kikasha chake kigumu chenye rangi inayoonekana, kinachokaa mfukoni mwa sketi na si kwenye tranka, na sheria iwe kwamba alaina iko mahali pawili tu, mdomoni au kikashani. Aoshe kwa mswaki laini na maji ya baridi. Alaina aliyomaliza kuivaa asiitupe hadi mbili zinazofuata zipite, kwa sababu ya sasa ikipotea ndiyo atakayoirudia huku akisubiri maelekezo ya daktari. Zungumza na matroni kabla ya muhula kuanza, umweleze kwamba hicho si kipodozi na kwamba mtoto anahitaji dakika tano za bomba baada ya kila mlo. Shule nyingine hukubali mara moja na nyingine huleta ugumu, na ni bora ulijue hilo kabla hujalipa.

Kwa upande mwingine, bweni lina sababu moja nzuri ya kuzipendelea alaina: mtoto anaweza kukabidhiwa jozi za miezi miwili au zaidi aende nazo, wakati waya huhitaji kuonwa na daktari kila baada ya wiki nne hadi nane, na waya ikichomoka na kulichoma shavu usiku wa Jumamosi hakuna mtu wa kuikata. Usafi nao ni rahisi zaidi kwa alaina. Waya na vibanio hukusanya uji na ugali, na mtoto asiyepiga mswaki vizuri huondolewa waya akakuta alama nyeupe za enameli iliyoanza kuoza kuzunguka kila kibanio. Lakini waya hailazimu mtoto akumbuke chochote, inafanya kazi amelala, amesahau, au amekasirika. Ndiyo maana nikiulizwa na mzazi, huuliza kwanza kama mtoto hutunza miwani yake au sare yake ya michezo bila kukumbushwa, na jibu lake huniambia mengi.

Ramadhani haileti tatizo, pengine hata hurahisisha, kwa kuwa tangu daku hadi futari hakuna sababu ya kuzivua. Hatari iko usiku. Futari, chakula cha usiku na vinywaji vya katikati vikiungana, alaina hukaa kikashani saa tano mfululizo. Afuturu, apige mswaki, azirudishe, kisha azivue tena kwa mlo mkubwa. Siku ya kuanza jozi mpya iwe baada ya futari, kwani maumivu ya siku mbili za kwanza ndipo huanza na parasetamoli inaweza kumezwa.

Nikikusanya uliyoniandikia bila kumwona mtoto, dhana yangu ni kwamba taya la juu limepungukiwa zaidi kuliko la chini linavyoonekana, na kwamba daktari wa kwanza hakutaja kung'oa kwa uzembe. Lakini dhana si kipimo. Rudi kwa wote wawili na eksirei moja na ombi moja la maandishi: upungufu wa kila taya kwa milimita, chanzo cha nafasi, mahali meno ya mbele ya chini yatakapoishia, idadi ya jozi, nyongeza zilizomo ndani ya bei, na kama ritena, yaani vifaa vya kuyashikilia meno yasirudi baada ya matibabu, zimo. Upungufu ukiwa chini ya milimita 4 hadi 5 katika kila taya, na midomo yake ikiwa imetulia, alaina bila kung'oa ni chaguo zuri na ningelikubali kwa mwanangu. Ukiwa 8 au zaidi, ningeng'oa na kufunga waya, na nisingependa mtu akuogopeshe kwamba kuondoa magego madogo manne kunaharibu uso. Huharibu panapofanywa pasipohitajika. Ukiwa katikati, mpango wa waya kwanza na alaina baadaye ndio ninaouegemea, hasa kwa ajili ya chonge ile.

Anayepanga awe daktari bingwa wa mpangilio wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na jina la kampuni ya plastiki lisikutishe wala kukuvutia. Usikubali alaina za kuagiza kwa posta, ambazo mtu hujipima mwenyewe nyumbani. Kampuni kubwa ya Marekani iliyouza kwa mtindo huo, SmileDirectClub, ilifunga shughuli zake Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakabaki na plastiki mkononi bila daktari. Mtoto ambaye magego yake bado yanaota hawezi kabisa kutibiwa bila mtu wa kumtazama mdomoni.

Na bajeti yako isiishie siku meno yatakapokaa sawa. Nyuzi za ufizi zinazolishika jino huchukua hadi mwaka mmoja kujipanga upya, na kwa jino lililozungushwa zinaendelea kulivuta kurudi. Baada ya matibabu atavaa ritena karibu muda wote kwa miezi kadhaa, kisha kila usiku kwa miaka mingi. Kwa meno manne ya chini napendelea waya mwembamba uliogandishwa nyuma yake, ingawa kwa enameli yenye fluoridi unahitaji kukaguliwa kila likizo ya Juni na Desemba kuona kama haujabanduka upande mmoja. Agiza ritena za juu mbili kwa mpigo mmoja, mfano ukiwa bado upo maabara. Moja aende nayo shule, ya pili ibaki nyumbani kwako.